Upanga wa Kijava na Mpini wa Kizungu

Miongoni mwa vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya majumba ya wafalme wa Java, ziko panga za heshima ambazo wanachuoni wamezipita kwa haraka. Kengee yake, yaani ile sehemu ya chuma yenye makali, ilifuliwa na mhunzi wa Kijava kwa taratibu za Kijava. Lakini mpini wake umefuata sura ya panga za maofisa wa Kizungu. Una kinga ya shaba au ya fedha iliyopindwa mbele ya vidole, na mara nyingine kichwa cha simba mwishoni. Mpenzi wa mambo ya kale ya Java akiuona upanga wa namna hii huona mkono wa mgeni, akauweka kando. Mjuzi wa silaha za Ulaya huona mwigo usiokamilika, naye akauweka kando. Hivyo upanga huu umekuwa kama mtoto wa nyumba mbili asiyedaiwa na hata moja.

Hukumu hizo mbili, ingawa zinatoka pande mbalimbali, zina kosa moja: zote hupima kitu kwa usafi wa asili yake. Wajava wenyewe hawakuwa na kipimo hicho. Upanga wenye mpini wa Kizungu ni hati ya mapatano yaliyodumu karne mbili na zaidi baina ya wenyeji waliokuwa wakipoteza nguvu na wageni waliokuwa wakizipata. Mwenye kuisoma hati hiyo vyema ataona kilichotolewa, kilichozuiwa, na pia nani aliyelipa gharama.

Kwanza yafaa kutenganisha silaha mbili. Iliyo mashuhuri ni keris, jambia la makali mawili, lililonyooka au lenye mawimbi, ambalo shina lake ni pana upande mmoja kuliko wa pili. Mnamo mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza keris ya Indonesia kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ikaandikwa katika orodha ya urithi huo. Silaha ya pili ni pedang, yaani upanga hasa, mrefu kuliko keris, aghalabu wenye makali upande mmoja, wa kukatia zaidi kuliko kuchomea. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo: sifa za keris zimeufunika upanga hata ikadhaniwa kwamba Wajava hawakuwa na silaha ya heshima isipokuwa ile moja.

Lugha ya Kijava yenyewe inakanusha dhana hiyo. Kijava kina daraja za usemi, na msemaji hubadili maneno kwa kadiri ya heshima ya anayesemeshwa na anayesemwa. Vitu vya kawaida vingi havina jina la heshima. Neno moja hutosha daraja zote. Lakini keris katika usemi wa adabu huitwa dhuwung, na ikiwa ni ya mtu mkubwa huitwa wangkingan, neno linalotokana na kuvaliwa kiunoni kwa nyuma. Upanga nao una jina lake la adabu, sabet. Kitu kilichopewa jina la pili kwa ajili ya heshima hakikuwa kitu cha jikoni wala cha shamba tu.

Neno wangkingan linaeleza jambo litakalohitajiwa baadaye. Mtu wa Java aliyevaa kwa adabu huichomeka keris katika mshipi, mgongoni, mpini ukielekea kuume. Anayesimama mbele yake haioni silaha. Huona uso, mikono na kitambaa. Huko ni kumwambia mwenziwe kwamba amani ipo. Upanga wa Kizungu, kinyume chake, huning'inia ubavu wa kushoto kwa mshipi wenye vikuku, tayari kuchomolewa kwa mkono wa kulia, nao huonekana na kila mtu. Hizo ni adabu mbili zilizokutana katika mwili mmoja.

Sasa itazamwe kengee. Mhunzi wa silaha za heshima huitwa empu, naye hakuwa fundi wa kawaida. Alifunga, aliomba, alichagua siku, ndipo akaanza kufua. Aliweka tabaka za chuma pamoja na tabaka za madini mengine yenye nikeli, akazichoma, akazigonga, akazikunja, akazigonga tena mara nyingi. Kazi ikiisha, kengee ilisuguliwa kwa maji ya ndimu na warangan, yaani aseniki. Chuma kikawa cheusi, nikeli ikabaki nyeupe, na michirizi ikajitokeza kama mawimbi ya maji au nyuzi za hariri. Michirizi hiyo huitwa pamor. Ilisomwa kama watu wasomavyo fali: huu waleta riziki, huu wafaa mtawala, huu haumfai kila mtu.

Madini ya pamor hayakuwa yote ya Java. Chuma cha Luwu, katika kisiwa cha Sulawesi, kilisifiwa sana kwa nikeli yake na kilisafirishwa kwa majahazi. Madini mengine yalitoka mbinguni kwa maana halisi: kimondo kilichoanguka karibu na Prambanan kilichukuliwa mwishoni mwa karne ya 18 mpaka jumba la Surakarta, na vipande vyake vikatumiwa na wahunzi wa mfalme. Na neno pamor lenyewe lina asili katika wor, maana yake kuchanganya. Basi uzuri wa kengee ya Kijava haukuwa katika chuma kisichochanganywa. Ulikuwa katika mchanganyiko uliofanywa kwa ujuzi, hata vitu viwili vikashikana bila kupotezana. Mtu anayeulaumu upanga kwa kuwa umechanganywa anaulaumu kwa jambo ambalo empu alilihesabu kuwa sanaa yake.

Wageni waliokuja kuutia upanga mpini mpya walikuwa Waholanzi. Kampuni yao ya India ya Mashariki, iliyojulikana kwa herufi V.O.C., iliundwa mwaka 1602, na mwaka 1619 ikausimika mji wa Batavia katika pwani ya Java, mahali palipo Jakarta sasa. Bara ilikuwa ya dola ya Mataram. Kwa miongo kadhaa pande hizo mbili zilipigana, zikapatana, zikapelekeana wajumbe na zawadi. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1677. Raden Trunajaya, mwana wa watawala wa Madura, aliasi na kuuteka mji mkuu wa Mataram. Mfalme akakimbia na kufa njiani, na mwanawe, Amangkurat wa Pili, akarithi kiti kisicho na nchi wala hazina. Aliirudisha milki yake kwa askari wa Kampuni, na malipo yakawa ardhi, bandari na haki za biashara.

Mfalme huyo alipenda kuvaa mavazi ya Kiholanzi, na katika mapokeo ya Java amebaki na jina la Sunan Amral, ambalo asili yake ni neno la Kizungu lenye maana ya jemadari wa bahari. Msomaji wa haraka atasema: huyu ndiye mfalme kibaraka. Lakini matendo yake yana maelezo zaidi. Trunajaya alipokamatwa na kuletwa mbele yake, mwanzoni mwa mwaka 1680, Amangkurat alimwua kwa mkono wake mwenyewe, na silaha aliyoitumia ilikuwa keris. Miaka sita baadaye, Februari 1686, Kapteni François Tack, mjumbe wa Kampuni, aliingia mji mkuu mpya wa Kartasura akimfuatia Surapati, adui wa Waholanzi aliyekuwa amepata hifadhi hapo. Tack aliuawa pamoja na askari wake wengi karibu na jumba la mfalme, na kuna dalili kubwa kwamba mfalme aliyevaa Kiholanzi alikuwa na habari ya shauri hilo. Waswahili husema kwamba mkono usiouweza kuukata, ubusu. Amangkurat aliubusu mkono wa Kampuni hadharani, na nyuma ya mgongo wake keris ilikuwa palepale.

Katika mazingira ya namna hii ndipo mpini wa Kizungu unapofahamika. Ile kinga iliyopindwa mbele ya vidole ilibuniwa Ulaya kwa watu wanaopigana upanga kwa upanga, ili chuma cha adui kikiteleza kisikate vidole. Katika upanga wa heshima wa Java haikuwa na kazi hiyo, kwa kuwa upanga huo haukwenda vitani. Kazi yake ilikuwa kuonekana. Ilimwambia Mholanzi, kwa lugha anayoifahamu, kwamba aliyeuvaa ni mtu wa cheo kama cheo chake. Fundi wa Java hakuifuata sura ya kigeni kwa utumwa: shaba au fedha iliyotiwa nakshi za majani na maua ya Kijava, na pembe au mti uliochongwa, vilikaa pamoja na umbo la Ulaya.

Kichwa cha simba kina mafunzo zaidi. Simba haishi Java, na ni nembo ya Uholanzi. Hivyo ni rahisi kusema kwamba simba wa mpini ni alama ya bwana wa kigeni. Lakini Java ilimjua simba katika sanaa yake karne nyingi kabla ya merikebu za Waholanzi. Katika hekalu la Borobudur, lililojengwa karne ya 8 na ya 9, simba wa mawe wameketi wakilinda ngazi. Neno singa, lililotoka Kisanskriti, ni la zamani katika lugha za visiwa hivyo. Kwa hiyo upanga mmoja ulitazamwa na macho mawili: Mholanzi aliona simba wake, na Mjava aliona mlinzi wa ngazi za wazee wake. Mapatano mengi baina ya mwenye nguvu na asiye na nguvu yamedumu kwa namna hiyo, kila upande ukisoma maana yake.

Mnamo tarehe 13 Februari 1755 mapatano ya Giyanti yaliigawa Mataram kuwa Surakarta na Yogyakarta, na mwaka 1757, huko Salatiga, ikazaliwa milki ndogo ya Mangkunegara. Mapokeo ya majumba hayo yasimulia kwamba siku chache baada ya Giyanti watawala wawili walikutana Jatisari, wakapatana hata juu ya mavazi: Yogyakarta ikabaki na desturi ya Mataram, na Surakarta ikajitungia desturi mpya. Yasimulia pia kwamba mtawala wa Surakarta alimpa mwenziwe keris iitwayo Kiai Kopek, ambayo ikawa mkuu wa silaha za urithi za Yogyakarta. Nchi iligawanywa mbele ya Waholanzi, lakini ukoo uliungwa kwa chuma ambacho Waholanzi hawakukifua.

Tangu hapo nguvu za wafalme zikapungua, na kadiri zilivyopungua ndivyo vita vya heshima vilivyozidi. Mwaka 1808 Gavana Mkuu Herman Willem Daendels alitoa amri juu ya adabu: wajumbe wa serikali katika majumba ya wafalme wasionyeshe tena unyenyekevu wa zamani, na waketi sawa na mtawala. Kwa mgeni lilikuwa jambo la kiti. Kwa Mjava lilikuwa jambo la mpango wa dunia. Sultani Hamengkubuwana wa Pili wa Yogyakarta hakulikubali. Waingereza walipoitwaa Java mwaka 1811, Thomas Stamford Raffles alimzuru sultani huyo mwezi wa Desemba, na ugomvi juu ya viti ukakaribia kumwaga damu. Juni 1812 majeshi ya Waingereza na Wahindi wao yaliuvamia mji wa kifalme, yakalipora jumba, yakachukua hazina, silaha na maandishi, na sultani akapelekwa uhamishoni Penang.

Milki ya Mangkunegara ilifuata njia nyingine. Mwaka huohuo wa 1808 ilianzisha kikosi chake kwa mfano wa jeshi la Kifaransa, chenye maofisa wa Kijava waliovaa sare za Ulaya, na kikosi hicho kilidumu mpaka mwaka 1942. Hapo upanga wa Kizungu haukuwa pambo tu. Ulikuwa sehemu ya cheo kilicholipiwa mshahara.

Aliyekataa mavazi hayo yote alikuwa Pangeran Diponegoro, mwana wa sultani wa tatu wa Yogyakarta, aliyewapiga vita Waholanzi kuanzia mwaka 1825 hadi 1830. Yeye alivaa kanzu na kilemba, na katika kambi yake mateka wa Kizungu walitakiwa kuvaa Kijava na kusema Kijava cha adabu. Hata hivyo ni kosa kumfanya Diponegoro kuwa shujaa wa usafi. Maofisa wake walichukua cheo cha Ali Basah, na baadhi ya vikosi vyake majina yenye asili ya Kituruki, kwa kuwa Istanbul ilikuwa kwao mfano wa dola ya Kiislamu. Naye alichanganya, tofauti ni kwamba alichagua mwenyewe cha kuchanganya. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Swali la kuuliza juu ya upanga wowote si kama una kitu cha kigeni, bali ni nani aliyekichagua, na alikuwa na uhuru gani alipochagua.

Vita hivyo viliua Wajava wapatao 200,000. Diponegoro alikamatwa Magelang tarehe 28 Machi 1830, alipokuja kwa mazungumzo, akafa uhamishoni Makassar mwaka 1855. Baada yake majumba ya wafalme yalinyang'anywa majimbo ya nje na hayakuweza tena kupigana. Zilizobaki ni sherehe, nazo zikanawiri. Mara tatu kila mwaka, kwa Maulidi na kwa Idi mbili, Yogyakarta ilifanya Garebeg: milima ya vyakula ilitolewa jumbani kupelekwa msikitini, na askari wa sultani wakatangulia kwa ngoma na filimbi, wengine katika makoti yenye mfano wa Ulaya, wengine katika mavazi ya Kijava. Picha za wakati huo zaonyesha watawala wenye nishani za Uholanzi kifuani. Katika picha moja iliyo maarufu, Pakubuwana wa Kumi wa Surakarta, aliyetawala kutoka 1893 hadi 1939, anaonekana ameshikana mkono kwa kiwiko na Balozi Mkaazi wa Kiholanzi. Anayeona picha kama hizo huona upande wa mbele. Mgongoni, palipokaa silaha yenye jina, kamera haikufika mara nyingi.

Hata hivyo yafaa kujihadhari na faraja ya bei rahisi. Ni kweli kwamba majumba yalilinda kengee na kutoa mpini. Lakini mkulima hakuwa na upanga wa namna hiyo wala hakuketi katika mashauri yake. Kuanzia mwaka 1830, katika nchi zilizokuwa chini ya serikali ya Kiholanzi moja kwa moja, wanavijiji walilazimishwa kupanda miwa, nili na kahawa kwa ajili ya soko la Ulaya, na makabaila wa Kijava walisimamia kazi hiyo wakapata fungu lao. Mamlaka ya makabaila hao mbele ya wanavijiji yalionekana kwa miavuli yao, mavazi yao na silaha zao za heshima. Mpini wa Kizungu na kengee ya Kijava vilishikana vyema kuliko ilivyowafaa watu wa chini. Mwenye kuusifu upanga kwa ustadi wake hana budi kulisema hili pia, la sivyo atakuwa amesoma nusu ya hati.

Jambo hili lina uzito katika zama hizi, kwa kuwa vitu vya Java vimeanza kurudi kwao. Keris ya Diponegoro iitwayo Kiai Nogo Siluman alipewa Kanali Cleerens, aliyezungumza naye mapema mwaka 1830, na mwaka 1831 ikafika kwa Mfalme Willem wa Kwanza. Iliwekwa katika mkusanyo wa kifalme huko The Hague. Mkusanyo huo ulipofungwa mwaka 1883 vitu vyake vilitawanywa, na keris ikapoteza jina lake katika daftari za Leiden. Ilitambuliwa tena kwa msaada wa barua ya Sentot, jemadari wa Diponegoro, na maelezo ya mchoraji Raden Saleh aliyeiona Uholanzi. Machi 2020 ikarudishwa Indonesia. Mwaka 2023 vikafuata vitu 478 kwa mara moja, vikiwamo 335 vya hazina iliyotekwa Lombok.

Keris hiyo iliokolewa na jina lake. Kitu chenye jina la Kiai, chenye mwenyewe anayejulikana na barua inayokitaja, kina njia ya kurudi. Upanga wenye mpini wa Kizungu aghalabu hauna. Ukiwa umeandikwa katika daftari kwa maneno machache kama silaha ya Java yenye mpini wa mfano wa Ulaya, hakuna atakayeuliza ulitoka jumba gani, ulitolewa zawadi au uliporwa mwaka 1812, ulivaliwa na ofisa wa Mangkunegara au mdogo wa sultani. Dharau ya asili iliyochanganyika imegeuka kuwa kizuizi cha haki.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa historia, basi, ni ya uvumilivu zaidi kuliko ya maneno makubwa. Kengee isomwe kwa jicho la mjuzi wa pamor, mpini kwa jicho la mjuzi wa silaha za Ulaya, ala na vikuku vyake kwa jicho la mjuzi wa mavazi ya majumba, na maandishi ya Kijava yasomwe pamoja na daftari za Kiholanzi. Wataalamu hao wanne mara chache wameketi meza moja. Wakiketi, panga nyingi zilizo kimya katika makabati zitapata wenyewe, na wengine wa wenyewe hao hawatapendeza: watakuwa makabaila waliokula fungu la jasho la watu. Hao nao ni historia ya Java, na upanga wao una haki ya kuandikwa kama ulivyokuwa.